Darubini Iliyolowa Siku ya Bwana

Kwenye milima ya magharibi ya Uskoti, katika bonde la Gleann Dorcha, mvua haiishi, hupumzika tu. Peigi alizaliwa bondeni humo na akaolewa humo humo, binti wa mwindaji, mke wa mwindaji. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Bunduki hakuishika hata siku moja, lakini darubini ya mumewe ilikuwa mikononi mwake miaka yote ya ndoa.

Darubini hiyo mumewe, Fearchar, alirudi nayo kutoka vitani, nzito, ya macho mawili, na mfuko wake wa ngozi. Aliposhuka mlimani amelowa chapachapa, alimkabidhi mkewe darubini mlangoni kabla hata ya kuvua buti. Peigi aliitoa mfukoni papo hapo, maana ngozi iliyolowa ikifungwa huota kuvu, na kuvu hula kioo. Matone aliyanyonya kwa kitambaa kikuukuu cha kitani, akigusagusa bila kusugua, kwa kuwa chembe moja ya mchanga huchora kioo milele. Kisha aliitundika barazani kwenye baridi, mfuko kando yake umeachwa wazi. Majirani waliodhani jiko ndilo daktari wa kila kilicholowa aliwaambia kwamba kioo kilichotoka baridini kikiingizwa jotoni ghafla hutoka jasho kwa ndani, na jasho la ndani halina kitambaa. Wakamwita mkunga wa vioo. Yeye akasema afadhali hivyo, vioo havilii usiku.

Jumamosi moja, majani ya mlimani yamekwisha kuwa mekundu, mgeni wa mwenye milima alimpiga kulungu dume vibaya. Risasi ilimvunja mguu wa nyuma, mnyama akapotelea mvuani. Mgeni alishuka kwenda kuoga maji ya moto. Fearchar, aliyekuwa mwongozaji wake, alibaki. Kwa wawindaji wa kule, mnyama aliyejeruhiwa si wa aliyefyatua, ni wa aliyemwongoza mfyatuaji. Mwongozaji halali vizuri mpaka ampate. Alitafuta hadi giza likamshinda, na alipofika nyumbani saa sita ya usiku ilikuwa imepita, Jumapili imekwisha ingia.

Sasa, Jumapili bondeni kwao maji hayatekwi wala kiazi hakimenywi. Vyote humalizwa Jumamosi. Peigi aliishika siku hiyo kuliko mchungaji mwenyewe, na kaka yake Tormod alikuwa mzee wa kanisa. Basi Fearchar aliponyoosha mkono wenye mfuko unaochuruzika, mkewe aliitazama saa ya ukutani.

"Utundike hapo hapo," alisema. "Siku imeingia."

Fearchar akautundika kwenye msumari, umefungwa vilevile.

Asubuhi hakuugusa uji wake. Alisimama dirishani amevaa suti ya kanisani, akitazama mlima usioonekana. Peigi akamwambia kulungu atangoja Jumatatu, kama nguo chafu zinavyongoja.

"Nguo hazina mguu uliovunjika, Peigi."

Akajibu kwamba amri ya Bwana haikuwawekea wawindaji mlango wa nyuma. Fearchar hakubisha. Aliketi kufunga kamba za viatu, na kamba zikamponyoka mara mbili. Mikono ile Peigi aliiona imetulia hata siku waliyomzika mtoto wao wa kwanza. Peigi akasimama pale jikoni. Yale maneno ya Injili, ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na mwenyewe akamtoa, aliyasikia tangu utoto. Hakuwahi kufikiri kwamba kisima kinaweza kuwa mlima.

Akautungua mfuko. Ngozi ilikuwa imevimba, na vioo vimekuwa vyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Alivikausha kwa nje, vikabaki vyeupe vilevile. Maji yalikuwa ndani. Fearchar akaichukua darubini, akaielekeza kwenye mwanga, akamrudishia. Afadhali angemgombeza. Katika ukungu ule, kulungu wa rangi ya majani makavu hawezi kuonekana kwa macho matupu. Angekufa polepole, kwa mguu unaooza, na siku hazingekuwa chache.

"Chukua bunduki," Peigi alisema. "Hii naibeba mimi."

Aliifunga kwa kitani kikavu, akaipachika kwapani juu ya fulana ya sufu, isiguse jasho lake, joto liifikie kidogokidogo. Juu yake akavaa koti la mvua. Wakapanda barabara wakati watu, wote wamevaa nguo nyeusi, wanateremka kwenda kanisani. Hakuna aliyewasalimu. Tormod alisimama, akaitazama bunduki, kisha akamtazama dada yake. Peigi alipita kichwa juu.

Kwenye bega la mlima wakalala kifudifudi. Fearchar alitandaza koti lake juu ya vichwa vyao kama hema, mgongo kwa upepo. Jicho la kushoto la darubini lilibaki jeupe. La kulia lilikuwa limefunguka katikati, kitundu kama tundu la ufunguo. Fearchar alijaribu kwanza, macho yamemwiva kwa kukesha.

"Nipe," Peigi akasema. "Na pumzi yako ipeleke kando."

Alitafuta jiwe kwa jiwe, kijito kwa kijito, muda mrefu hata kiwiko kikafa ganzi. Hakumwona kulungu. Aliona ncha ya pembe ikisogea kinyume na upepo.

"Chini ya lile jiwe lililopasuka. Amelala. Anapumua."

Fearchar akatambaa kwenda. Peigi akabaki chini ya koti, na alipousikia mlio wa bunduki ukizunguka bonde, huko chini walikuwa wakiimba zaburi.

Alipofika kwenye lile jiwe, mumewe alikuwa amekwisha chomoa kisu.

"Kirudishe."

"Nyama itaharibika, mama."

"Iharibike. Kumpumzisha ni huruma. Kumpasua ni kazi."

Fearchar alimtazama, kisha akakirudisha kisu alani. Alivunja tawi, akalifunika nalo jicho la mnyama kwa heshima.

Jioni Peigi alikwenda ibadani na sketi ileile, matope hadi magotini. Kufua nako ni kazi, na yeye hakuwa mtu wa kukwepa macho ya watu. Tormod alisimama mlangoni, kama mzee wa kanisa anavyosimama. Aliitazama sketi.

"Mlimpata?"

"Tulimpata."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Watu walikuwa wakisubiri nyuma ya Peigi mvuani. Tormod akasogea pembeni, akamshikia dada yake mlango.