Kasuku wa Bibi na Siku ya Kiyama

Mimi ndege siwapendi. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nilikuwa na huruma.

Mamkubwa, dada yake mama, alikuwa mjane asiye na mtoto, akikaa Uingereza. Nilipokwenda kusoma sheria huko miaka ya tisini, kila Jumapili nilikula kwake. Bibi, mama yao, alimalizia umri wake katika nyumba ile ile, na kasuku wa mamkubwa alijifunza maneno kwake, kwa sauti yake, pamoja na kikohozi. Bibi alipofariki mama yangu alikuwa Maskati, viza hana. Hakumuona wala hakumzika.

Jumapili moja mamkubwa akaniketisha nimpigie chapa wasia. Kasuku niachiwe mimi kwa amana, na pesa za kumlisha na kumtibu, "mpaka Siku ya Kiyama."

"Waingereza hawaandiki hivyo, mamkubwa."

"Wakfu zote za kwetu zimeandikwa hivyo. Umewashinda elimu waliokutangulia? Andika!"

Nikaandika. Wali ulikuwa unapoa.

Miaka ikapita, nikarudi nyumbani Maskati, nikapata kazi serikalini na nyumba mtaa wa Al Khoudh. Mamkubwa akafariki. Mpwa wa marehemu mumewe, aliyeachiwa vilivyobaki, akaniletea barua: kifungu cha kasuku ni batili, kwa hiyo ndege ni wake, na mnunuzi keshampata.

Nilimsomea mama barua ile sebuleni kwake Sib, mtaa wa jirani. Akasema, "Pesa nazende zake. Miye nnataka kuisikia sauti ya mama yangu." Akanitazama. "Si wewe ulouandika wasia huo?"

Ya Rabbi! Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua yule bwana hakukosea. Kwetu ukiweka wakfu, Mungu anatosha kuwa shahidi na mdai. Kwa Waingereza, amana isiyo ya sadaka lazima iwe na mtu wa kuidai mahakamani, na kasuku hawezi kushitaki. Majaji wao walilegeza kidogo kwa ajili ya wanyama, lakini mwisho miaka ishirini na moja. Na mimi, msomi mzima, nilikuwa nimeandika Kiyama!

Nilimwomba wakili wa mamkubwa anitumie wasia kwa faksi. Karatasi ilitoka polepole ofisini huku nimeshika kiuno, najitukana. Nikafika kwenye Siku ya Kiyama. Palikuwa na mkato, na baada ya mkato maneno manne ambayo sikuyakumbuka kabisa: "au kadiri sheria itakavyoruhusu."

Mwalimu wetu alitufundisha kuyatia maneno hayo kila mahali, kama chumvi. Nilikuwa nimeyatia kwa mazoea tu, akili yangu iko kwenye wali. Nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Wakili alipopiga simu alithibitisha: maneno yale yamekikata Kiyama kikawa miaka ishirini na moja, na kifungu kimesimama. "Ila hakuna anayeweza kukulazimisha," alisema. "Mahakama itataka kujua jambo moja tu. Uko tayari kumtunza?"

"Niko tayari!" Nilisema kwa sauti hata mwenzangu wa meza ya pili akageuka.

Vibali vilichukua miezi. Kasuku alifika Sib amevimba kwa hasira, akaninyea mkono, kisha akakaa siku tatu hatamki neno. Nikasema haya sasa, tumehangaika kote huku kumbe tumeletewa bubu. Mama alimsemesha, akamkatia tende, akambembeleza. Wapi!

Siku ya nne mama alikuwa anarudi sokoni, na mimi nambebea mfuko wa samaki. Alipogusa mlango, ndani mtu akakohoa.

"Nani huyo?"

Ilikuwa sauti ya bibi. Mama akausukuma mlango.

"Ni miye, mama," akasema. "Nimechelewa."