Kioo Cheupe Chini ya Naguru

Nakumbuka ile siku mvua ilipiga Ggaba, kule ziwani, mpaka samaki waliokufa kwenye makapu wakataka kufufuka. Usicheke, mwanangu, niliwaona. Wakati huo wanajeshi ndio serikali, na kila barabara ina kizuizi chake. Kaka yangu Odongo alikuwa dereva wa Pijo moja ya kubeba watu na samaki, mimi utingo wake. Siku hiyo alivaa shati jipya, jeupe hata mwezi ungeona haya. Alikuwa anakwenda Kyebando kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake.

Akafunga vioo vyote. Ndani tuko watu saba, tumelowa chapachapa, makapu juu ya mapaja. Mzee Ramadhani, dereva aliyezeekea kwenye usukani, akaja kugonga kioo.

"We Odongo, hii ni gari ama sufuria ya matoke? Teremsha kioo vidole viwili, mvuke utoke!"

"Mzee, shati litalowa. Baba mkwe atasema nimevuliwa kwa nyavu."

"Shati hukauka, mwanangu. Basi shika sabuni hii, upake kioo kwa ndani, mvuke usikishike."

"Nikirudi, mzee." Akacheka, akaondoa gari.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Tulipofika chini ya kilima cha Naguru, kioo cha mbele kilikuwa cheupe kama uji. Odongo akafuta kwa kiganja, ndipo akakivuruga kabisa. Askari amesimama njiani, ameinua mkono, sisi hatukumwona. Tukampita. Risasi ikalia juu ya gari, tukasimama.

"Toka inje! Wewe nakataa amri? Naficha nani ndani?"

"Afande, kioo kilishika ukungu. Sikuona mkono."

"Ukungu! Leo utaona."

Wakaja wenzake, wakamtia Odongo kwenye buti ya gari lao. Sisi wengine wakatuacha na samaki wetu. Kule Kyebando walimngoja mpaka chakula kikapoa. Mama yetu alizunguka kambi zote akiulizia, wakamwambia mtu wa jina hilo hayuko. Alikufa akiulizia.

Kwa hiyo, mwanangu, mvua ikianza, acha upenyo kwenye vioo, hata bega likilowa. Usifungie nguo mbichi ndani ya gari. Kabla hujatoka, paka sabuni kavu upande wa ndani, usugue na kitambaa kikavu mpaka kioo king'ae. Kikishika ukungu hata hivyo, egesha kando, usikisie njia. Kawia ufike. Siku hizi usiyemwona pengine si askari, ni mtoto wa mtu anavuka barabara.

Na ukiambiwa na aliyeendesha kabla hujazaliwa, usiseme "nikirudi". Fanya pale pale.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akufikishe kwa waliokupikia, chungu kikiwa bado cha moto.