Nilimsema fundi kwamba sakafu imepinda, kumbe ndiye aliyekuja kuiokoa santuri ya mama

Wakuu, habari za mihangaiko.

Haya yamenikuta mwenyewe, sebuleni kwa mzee wangu hapa Morotonga, jirani na Mugumu. Chumvi sijaongeza. Aibu niliyonayo inatosha.

Mzee ana turntable, mashine ya kupigia santuri. Aliivusha mpakani Sirari enzi za ujana wake na anaipenda kuliko ng'ombe. Kwa mtu wa huku hayo si maneno madogo.

Santuri anazo nyingi ila moja ndiyo roho yake. Marehemu mama aliimba na kwaya yao, wakaenda kurekodi Nairobi, na ubeti wa pili anaimba peke yake. Picha za mama tunazo. Sauti yake ipo pale tu.

Sasa tangu mzee ahamie nyumba mpya (mama alisimamia ujenzi wake ila hakuwahi kulala humo), sindano inaruka. Kwaya inamaliza kiitikio, kwaruu, unajikuta ubeti wa tatu.

Mzee akaniambia, "Acha, mura. Utamfuta kabisa." Akairudisha kwenye jalada.

Hilo "utamfuta" lilininyima raha wiki nzima.

Nikajifanya mtaalamu. Mtandaoni wanasema mashine ikiinama, mkono wa sindano unavutwa upande mmoja. Nikapakua app ya level, ile ya kupima usawa, nikalaza simu juu ya meza ya mashine, nikachomeka makadibodi kwenye miguu ya meza mpaka ikasoma sifuri.

Nikajaribu santuri ya dansi. Ikaruka vilevile.

Nikabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano ili kiwe kizito. Wataalamu najua mmeshika vichwa, vumilieni.

Lawama zote nikamtupia Mama Robhi, fundi mwashi aliyemwaga ile sakafu. Nilimsema kwamba kazi yake imepinda, nikamsema mpaka kwa shemeji zangu Kenyamonta. Jumamosi nikamwita, tena kwa sauti ya kibabe.

Akaja kutoka saiti na ndoo yake, mwiko na pima maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sakafu yangu imekosa nini?"

Nikamweleza. Akaomba kikombe cha maji, akayamwaga katikati ya sebule. Yakatembea taratibu mpaka mlangoni, yakatoka nje.

"Mama yako ndiye aliyetaka hivyo. Alisema amechoka kukausha na tambara kila akideki. Alisimama pale mlangoni mpaka nikamaliza."

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso.

Angeweza kuondoka, na ningestahili. Badala yake akaichukua simu yangu, akaigeuza, akagusa kamera iliyotokeza mgongoni. "Kitu chenye nundu unakilaza, halafu unakiamini?"

Akafuta saruji kwenye pima maji yake ndogo. Hakuiweka mezani, aliiweka juu ya sahani ile inayozunguka. "Unapima pale kitu kinapokaa." Kipovu kikakimbilia upande wa dirisha.

Akaigeuza pima maji, kichwa kikawa mkia. Kipovu bado dirishani. Akasema kingehama upande, pima maji yenyewe ndiyo ingekuwa mwongo. Mimi hilo sikuwahi kulifikiria maishani.

Kisha akapima kwa kukatisha. Akakata tyubu ya baiskeli vipande vidogo, akaviweka chini ya miguu ya mashine, akipima huku na huku. Mwisho ikabaki kidogo sana, akakunja karatasi ya mfuko wa saruji. Mikono ile inayobeba matofali kutwa ilikuwa inainua mashine polepole mpaka nikasahau kupumua.

Kipovu kikakaa katikati, pande zote.

Sarafu akaibandua, akanipa. "Umempandisha mlima, halafu umemtwisha mzigo."

Tukaanza na dansi. Ikaenda mpaka mwisho. Mzee akainuka, akaitoa santuri yake.

Kiitikio kikaisha. Nikashika kiti.

Haikuruka. Na pale ilipokuwa inaruka siku zote, kabla ya ubeti, tukasikia mama anavuta pumzi. Halafu akaanza kuimba.

Mzee akasema, "Huyo hapo."

Mama Robhi alikuwa ameketi juu ya ndoo yake palepale mlangoni, ameinamisha kichwa. Nilimwomba msamaha mbele ya mzee. Na kwa kuwa nilimsema hadharani, namwomba na hapa.

Nilichojifunza: pima pale santuri inapolala, geuza kipimo kabla hujakiamini, na sindano isibebeshwe sarafu. Mama huyu namvulia kofia.

Wenye santuri, nyie mnasawazisha kwa kutumia nini? Shusheni uzoefu wenu. Na kama kuna anayemlaumu fundi wake wa sakafu, amwage kikombe cha maji kwanza. Huenda kuna mtu aliwahi kusimama mlangoni akaomba iwe hivyo.