Kipepeo wa Piko Shingoni Mwangu

Nitawasimulia, lakini msinicheke sana, maana hata sasa nikikumbuka uso huniwaka, na baada ya uso huwaka moyo.

Mimi ni mpakaji hina hapa Mambrui. Nimejifunza mwenyewe, kwa kutazama simu na kujichorachora mapajani, na mstari ukipinda kidogo silali. Dada yangu Rukia alipoambiwa hospitalini kuwa ana ugonjwa wa tezi ya shingo, nikajifunza na hilo vilevile, nikasoma mpaka nikajiona daktari. Tulijua mimi na mama tu. "Athmani nitamwambia mwenyewe," Rukia alisema (Athmani ndiye mchumba wake), "ila niache kwanza nipate maneno."

Siku ya hina wakaja wanawake wa upande wa Athmani kutoka Malindi mjini, shangazi yake Bi Time akiwa mbele. Nampaka Rukia maua, mkono wake unatetemeka (dawa ndiyo kwanza alikuwa ameanza, hazijamtuliza bado), kikonyo cha ua kikatoka kama njia ya mlevi. Bi Time akainama.

"Bi harusi, mbona watetemeka? Au fundi ndiye hajui kazi?"

Wakacheka. Ningecheka nami, yakaisha. Lakini fundi hajui! Mimi!

"Si mkono wangu, shangazi," nikasema, "ni tezi yake."

"Tezi gani tena?"

Rukia akanibana goti, nami nilielewa, wallahi nilielewa, lakini nikishaanza jambo siwezi kuliacha nusu. Nikachukua piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nikajichora kipepeo kooni mbele ya wageni wote, maana tezi hiyo ina umbo la kipepeo, ili waone ilivyo na inapokaa, nikawaeleza kwamba inamwaga homoni kwenye damu, na homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili uende mbio au polepole, sasa ya Rukia inamwaga kupita kiasi, kama jiko lisilopunguzwa moto, ndiyo maana mkono unatetemeka, moyo wake unakwenda mbio hata amekaa, anatoka jasho penye upepo, anakula na bado anakonda.

"Haya, daktari wa hina," Bi Time akasema, hacheki tena. "Na kuzaa?"

Ningesema sijui. Nani angenilaumu?

"Ikiachwa bila dawa huweza kutatiza mimba, lakini yeye anatibiwa, na akitulia..."

Hiyo "lakini" hakuna aliyeisikia. Walikuwa washaanza kuvaa mabuibui yao. Rukia akabaki amekaa, mkono mmoja una maua, wa pili mtupu.

Athmani alisema ugonjwa haukumtisha. Kilichomuuma ni kuusikia kwa shangazi yake. Harusi ikasogezwa mbele, kisha ikawa haitajwi tena nyumbani.

Na piko ikaning'ang'ania shingoni (nilisugua kwa limau, kwa mchanga, nikalia juu yake), watoto wa dukani wakaniita Kipepeo. Nilistahili.

Juzi Rukia alinimiminia kahawa, tone halikumwagika. Dawa zimemkubali.

"Mkono umetulia, dada," nikamwambia. "Nikupake ua dogo tu?"

Akautazama ule mkono kama wa mtu mwingine.

"La nini sasa?" akasema, akaondoa sinia.

Siku hizi mstari ukipinda, hata mteja mwenyewe akiwa ndiye aliyetikisika, wakiniuliza nasema ni mkono wangu.