Itoka la Baba Mdogo

Kwetu, juu ya Gatitu, mpaka wa shamba ulikuwa itoka, ua la porini lenye majani marefu kama mikanda. Wazee walisema anayeling'oa hamalizi mwaka. Hata mbuzi tuliwafunga mbali nalo.

Baba alikufa miaka ya mwanzo ya Uhuru, kabla wapimaji hawajafika kutuandikia mashamba. Walipofika, ndugu yake, baba mdogo wetu, akadai kipande chetu cha chini kilichopakana na shamba lake, na ndicho kilichotulisha. Ati mpaka wa babu ulipita upande wa juu wa kipande hicho, si wa chini. Ati itoka liko pale, nendeni mkaone.

Tulienda. Kule chini, palipokuwa na itoka la babu, tulikuta udongo uliolimwa. Juu kulikuwa na mstari wa majani marefu ya kijani, na kwa kuwa kilikuwa kiangazi, hapakuwa na ua hata moja. Baba mdogo alikuwa amefanya kazi ya bustani kwa mzungu mmoja upande wa Naro Moru, mpaka mzungu akauza akaenda zake. Mama alijua hakurudi mikono mitupu.

Akainama, akakata jani, akalivuta polepole mbele ya wazee wa kamati ya mashamba.

"Itoka ukilivuta linatoa uzi, kama wa buibui," akasema. "Hili liko na uzi gani? Chimbueni basi. Itoka lina kitunguu chini. Hapa mtakuta mizizi tu."

Mzee mmoja akarudi nyuma. "Mama, itoka haling'olewi."

"Hili si itoka."

"Na kama ni itoka?"

Hapo ndipo walipotumaliza. Bila kuchimba hawangejua, na kuchimba waliogopa. Mama akashika jembe mwenyewe. Wakamnyang'anya, wakamwambia mjane asiwaletee watoto wake laana. Baba mdogo alitazama chini, mpole kama mtu anayengoja sakramenti. Kikulacho ki nguoni mwako. Mawe ya mpaka yakazikwa siku hiyo hiyo.

Mvua iliponyesha, mstari mzima ukachanua. Itoka hutoa ua jeupe lenye michirizi ya waridi. Haya yalikuwa ya buluu, yale yale ya bustani ya mzungu. Wazee wa kamati walipita hapo wakienda kanisani, wakayaona. Mmoja akasema yamependeza. Namchukia mzee yule mpaka leo, huko aliko.

Basi nikangoja baba mdogo afe. Itoka la babu aliling'oa nani kama si yeye? Nilikuwa mtoto, na laana niliiamini kuliko Biblia. Mama ndiye aliyetangulia, amechakaa kwa vibarua vya kuchuma kahawa ya watu. Baba mdogo alizeeka vizuri, akaota kitambi, akazikwa katika kile kipande chetu. Wajukuu wake walichuma maua ya buluu wakayapanga juu ya kaburi.

Watu walipoondoka nilikata jani moja, nikalivuta. Halikuwa na uzi.