Kilo Nne za Mchanga

Jambo lote lilinigharimu jino moja la mbele, magauni mawili, na wiki mbili na nusu za kuchekwa na nusu ya Ifakara. Nimehesabu mara mbili. Jino ndilo rahisi kuhesabu, maana pengo lake ninalo hadi leo, na ulimi hulipitia kila ninapotaja bei ya mchele kwa mteja mgumu.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita nilipita pale uwanjani Mlabani nikawakuta mnajifunza kuendesha baiskeli ya tairi moja. Nilisimama na kikapu changu kama mtu asiye na haraka. Binti mmoja wa kaptula ya bluu alikuwa akiangukia kulia, kila mara kulia, na mwenzake akamshauri ajifunge chupa ya maji kiunoni upande wa kushoto ili mizigo ilingane. Niliondoka kabla sijapiga kelele. Mtu wa umri wangu akipiga kelele uwanjani hutafutiwa kiti na maji ya kunywa, kisha watoto wake hupigiwa simu. Kwa hiyo nimerudi nyumbani nimekaa nimeandika.

Usishangae kwamba mama wa duka la mchele anaijua tairi moja. Naijua kwa magoti yote mawili.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumamosi, mpunga umeshavunwa, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nauza maji. Madumu manne kwenye baiskeli, mawili huku na mawili huku, nayasukuma kutoka bombani hadi kwa mama lishe wa sokoni, safari kumi na mbili kwa siku. Mbali kuliko Kidatu sikuwa nimefika. Basi kikaja mjini kikundi cha sarakasi. Kiongozi wao tulimwita Mwalimu, ingawa hakuna aliyejua amefundisha wapi. Walikuwa wanaelekea Morogoro, na kutoka huko miji mingine mingi, na mwendeshaji wao wa tairi moja alikuwa ameoa akabaki njiani. Walimtafuta wa kushika nafasi yake. Sharti lilikuwa moja tu, uendeshe kutoka goli hadi goli bila mguu kugusa chini.

Nikaegesha madumu yangu, nikajitokeza. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikuwa na aibu ya kuonyesha.

Alasiri ile nilianguka mara tisa. Zote tisa kushoto. Nikipanda, nikikanyaga pedali, nikifika mzunguko wa saba au wa nane, tairi linaanza kukata kushoto lenyewe kama ng'ombe aliyeona maji, na mimi nalifuata. Watu walikuwa wameshajipanga upande ule ule kunisubiri.

Mwalimu akanizunguka kama anayenunua mbuzi. Akasema, "Dada, wewe umepinda. Angalia bega hili na hili. Nyonga moja juu, nyingine chini. Mwili ukishakomaa hivyo ndiyo basi. Njoo utubebee ngoma."

"Ngoma ngapi?"

"Tatu."

"Yaani nimepinda mno kupanda tairi moja, ila kwa ngoma tatu nimenyooka?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia, "Nipe wiki mbili na nusu."

"Tunaondoka wiki ijayo, binti."

"Hamwondoki. Lori lenu liko gereji, na fundi wake ananunua maji kwangu. Kasema wiki mbili na nusu, kama vipuri vitafika."

"Tairi lipo hapa kila jioni," akasema. "Usilivunje."

Mwanangu, nilirudi nyumbani nimevimba, na siyo magoti peke yake. Kuambiwa umepinda siyo tatizo. Tatizo ni kuambiwa ndiyo basi. Nani alimpa yule bwana ruhusa ya kufunga hesabu ya mwili wangu?

Kesho yake nikaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye ile mizani ya chini wanayopimia magunia. Nilitaka ushahidi. Nikaweka mguu wa kushoto juu ya mizani na wa kulia juu ya gogo lililolingana nayo kwa urefu, nikasimama kama ninavyosimama siku zote. Kilo thelathini na sita. Nikageuka, mguu wa kulia ukakaa juu ya mizani. Ishirini na nne. Nikarudia, ikawa vile vile. Mzee Anatoli, mwenye mashine, akatoka ndani na pumba kichwani.

"Unapima nini wewe?"

"Miguu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unaiuza?"

"Bado sijapata mteja."

Jumla sitini, nusu yake thelathini. Mguu mmoja ulikuwa unabeba kilo sita za mwenzake. Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu, kosa la msukuma mizigo. Baiskeli ikielemea kushoto unafanyaje? Unaongeza kitu kulia. Tumelifanya hilo maisha yetu yote; dumu halijajaa, unatupia mhogo upande ule, safari inaendelea. Nikapiga hesabu kwamba kulia napungukiwa kilo kumi na mbili. Kumi na mbili ni nyingi, nikabishana na nafsi yangu hadi tukakubaliana nne. Nikachota mchanga mto Lumemo, nikashona mfuko, nikaufunga nyongani kulia ndani ya gauni.

Na ulifanya kazi! Hilo ndilo baya lake. Jioni ya kwanza mizunguko ishirini, mstari ulionyooka. Ya pili, thelathini. Waliokuwa wamejipanga kushoto wakaondoka mmoja mmoja, burudani imekwisha. Nikaanza kupunga mkono.

Jioni ya tano nilikuwa karibu na katikati ya uwanja, tairi likagonga kijisiki. Mwili ukaruka kushoto, ukajirudi, ukawa sawa. Mchanga ulichelewa. Ulikuja baadaye, peke yake, ukanipiga kulia wakati tayari nimeshajiweka sawa. Nilikwenda chini kwa uso. Mfuko ukapasuka, gauni likapasuka nao, na mchanga ukamwagika mbele ya watu wasiopungua arobaini. Jino nililiona kabla ya kulisikia.

Kati ya watu hao alikuwemo Bibi Apolonia, shangazi wa mama yangu. Alikuwa anauza samaki, na kwa miaka mingi kuliko umri wangu alikuwa amepita juu ya matuta ya majaruba ya mpunga na beseni la kambale kichwani, matuta membamba yenye utelezi, bila kushika chochote. Alilitua beseni, akaokota mchanga kwa vidole viwili, akautazama.

"Kilo ngapi hizi?"

"Nne, bibi," nikasema, damu mdomoni.

"Mtu anayetia mchanga kwenye gunia la mchele ili mizani isome vizuri, tunamwitaje hapa sokoni?"

"Mwizi, bibi."

"Sema kwa sauti. Umepungukiwa jino moja tu."

"Mwizi!"

"Haya. Na wewe umejiibia mwenyewe, mchana kweupe, ukafurahi." Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, ikinuka samaki, wala hakuwa mpole. "Kuna mzigo wa ziada unaubeba upande mmoja. Badala ya kuutua, umeutafutia mwenzake. Sasa unayo miwili. Kesho nitakuja kukutazama."

Nilidhani atakuja uwanjani. Alikuja bombani. Akanitazama nikipakia madumu, akanifuata nyuma hadi sokoni, kisha akarudi nami. Safari ya tatu akasema, "Unasukuma kutokea kushoto."

"Kila mtu anasukuma kutokea kushoto, bibi."

"Sijamuuliza kila mtu. Baiskeli umeilaza kwenye nyonga ya kulia, mguu wa kushoto umeufanya nguzo. Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na moja."

"Safari ngapi kwa siku?"

Nikamwambia kumi na mbili. Sikuhitaji azidishe; mimi mwenyewe nilishaanza kuzidisha. Miaka minane, mwanangu. Mwili wangu haukuzaliwa hivyo wala haukukomaa hivyo. Ulikuwa unatii kazi niliyoupa, na ulitii vizuri.

Bibi akanihamisha upande. Kuanzia siku ile nikasukuma kutokea kulia. Usifikiri ni jambo dogo, kajaribu. Siku ya kwanza nilimwaga madumu mawili mbele ya msikiti, siku ya pili matatu mbele ya kanisa, kwa hiyo hakuna aliyekosa. Vijana wa sokoni wakanipa jina, Mgeni wa Baiskeli. Mama lishe mmoja akaniuliza kama nimepatwa na ugonjwa. Nikamjibu kwamba nimepatwa na maarifa, na bei ya maji haijabadilika.

Jioni, uwanjani, Bibi alikaa juu ya ndoo yake na kunirekebisha kama anavyopanga samaki wa kuuza. Sikuwa nakaa kwenye siti, nilikuwa nasimama juu ya pedali, na kwa kuwa mguu wa kushoto ndio wenye nguvu, ndio uliokuwa unakanyaga kwa fujo na kulivuta tairi. "Kaa!" alikuwa akipiga kelele. "Mungu alikupa makalio mawili, yatumie yote mawili!" Nikikaa, uzito ulishuka kwenye siti, miguu ikabaki na kazi ya kuzungusha tu, kidogo huku na kidogo huku. Kisha macho. Nilikuwa natazama tairi, na kila nikitazama tairi, kichwa kinatangulia, mgongo unapinda, bega linashuka. "Tairi haliendi popote bila wewe, unalilinda la nini? Tazama milima." Nikaitazama Udzungwa. Bega likapanda lenyewe bila mimi kuliambia.

Mara mbili kwa wiki nilirudi kwenye mizani. Thelathini na tano. Thelathini na nne na nusu. Mzee Anatoli akaanza kuandika kwa chaki ukutani na kuwaeleza wateja kwamba ni bei ya mpunga. Siku moja kabla ya ile tuliyopatana, mguu wa kushoto ulisoma thelathini na mbili na wa kulia ishirini na nane. Sikuwa sawa. Nakwambia mapema ili usidhani hii ni hadithi ya mtu aliyenyooka.

Siku ya siku, lori limepona, wamepakia nusu. Mwalimu amesimama kwenye goli la mbali mikono kifuani. Nikapanda. Sikufunga chochote kiunoni. Tairi lilitaka kukata kushoto mara tatu. Mara zote tatu nilikaa, nikatazama mbali, nikashusha pumzi, likarudi. Nikafika golini.

Mwalimu akasema, "Bega la kushoto bado liko chini."

"Najua," nikamwambia nikipita. "Goli nimelifikia."

"Nafasi nimeshamwahidi mtu mwingine."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoamua nisishuke. Nikalizunguka goli, nikatoka uwanjani, nikaingia barabara ya sokoni, na tairi lao. Watoto nyuma, mbwa nyuma, Mwalimu nyuma anakimbia na viatu vya ngozi.

"Shuka! Hiyo ni mali ya kikundi!"

"Huyo mwingine anaweza hivi?"

"Shuka kwanza!"

"Nafasi kwanza!"

"Nitakupa ya akiba!"

"Ya akiba mpe yeye!"

Tulipofika usawa wa mashine ya Mzee Anatoli, Mwalimu akashika kiuno, pumzi zimemwisha, akasema haya, haya, nafasi ni yako, shuka. Nikaanguka, gauni la pili likachanika. Safari hii nilianguka mbele, siyo kushoto, nikayahesabu hayo kuwa maendeleo. Nilisafiri nao miaka mitatu, miji kumi na minne, nimeihesabu mara mbili, na bega langu la kushoto likiwa chini kidogo katika yote.

Sasa nasaha yenyewe, maana umevumilia. Ukiona unaangukia upande mmoja, usikimbilie kuongeza kitu upande wa pili. Iwe chupa ya maji, mchanga, mkoba au maneno ya kujitetea, itakusaidia siku tano na kukudhuru ya sita. Rudi nyuma utafute ni kitu gani unafanya kila siku kwa upande ule, bila kufikiri: simu umeishikia mkono gani, mkoba unauning'iniza bega gani, ukisubiri bajaji unasimamia mguu upi. Kibadilishe hicho kwanza, ukubali kuchekwa wakati unakibadilisha. Kaa kwenye siti, uzito wako uubebe wewe. Macho yaende mbali. Na anayekwambia umepinda, msikilize, huenda ni kweli. Ila akiongeza kwamba huna dawa, mwache hapo hapo alipo, wala usisubiri unyooke kabisa ndipo uanze safari. Mimi sijanyooka hadi leo, na nimefika.

Mungu akulinde na visiki, mwanangu. Akupe mgongo unaotii, magoti yanayopona haraka, na bibi wa kukupigia kelele wakati wengine wote wanakupigia makofi. Popote utakapoanguka, usikose wa kukuokota.

Nami nina shida moja, naomba ushauri wako. Enzi zetu tulipanda kwa kushika ukuta au bega la mtu. Ninyi nimewaona mnaliweka tairi katikati ya uwanja, mnakanyaga, mmeshakaa, hamkushika kitu. Nimelifikiria jambo hilo siku nne na halinijii. Wanangu wanasema kwa umri huu nitulie dukani, lakini Jumamosi kuna mtu wa kunishikia duka, na njia ya uwanjani naijua. Hebu niambie: mguu upi unatangulia?