Mstari Uliofutwa Getini Malaba

Trela nzima iliingia yadi ninayoandikia geti, ikalala, halafu kompyuta ikasema haijawahi kuzaliwa.

Niliiona kwa macho yangu. Nyekundu, imebeba mbegu za mahindi, dereva wa Mbale mwenye jino la dhahabu. Alhamisi, saa tisa mchana. Niliiandika mwenyewe, kwa vidole hivi viwili.

Jumamosi mwenye mzigo akaja kuuliza. Trela hakuna. Mstari wake kwenye kompyuta hakuna. Palibaki doa la oili tu pale iliposimama.

Naitwa Teresa Akiteng. Mjane. Nilifika darasa la nane, basi. Miaka tisa naandika magari getini Malaba, na miaka kumi na minne nafua vitambaa vya altare na kutunza ufunguo wa sakristia. Sijawahi kuitwa mwizi.

Olinga, msimamizi wa yadi, aliniita mbele ya watu.

"Mama, walikupatia nini?"

"Nani?"

"Usinizungushe. Ungeiandika ingekuwa humu ndani. Kompyuta haidanganyi. Binadamu ndio hudanganya."

"Niliiandika, Olinga."

"Basi imepaa mbinguni kama Eliya?"

Walicheka. Makuli walicheka, hata mama wa chapati alicheka na mimi ndiye nilimsimamia ubatizo wa mtoto wake.

Mimi siongei haraka. Naangalia. Niliwaangalia mmoja mmoja, nikaona mtu mmoja tu ambaye hakucheka.

Hesbon. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Omoding. Yeye ni karani wa mizani hapo hapo yadi.

"Shemeji," akasema, "tumwachie Mungu."

Nikashukuru kwamba bado nina mtu.

Nikasimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Jumapili jioni Hesbon akaja kwangu na rozari mkononi. Yeye pia ndiye mwenyekiti wa halmashauri ya parokia. Tukasali vizuri. Tulipomaliza akakohoa.

"Halmashauri imeona ule ufunguo wa sakristia ukae kwangu kidogo. Unajua midomo ya watu."

Kazi, sawa, wachukue. Lakini ufunguo?

Niliutoa shingoni nikampa. Si kwa huzuni. Kwa hasira. Nilikuwa na hasira ya kupasua kuni bila shoka.

Kesho yake nikaenda Busia, kwa binti yangu Sharlyne. Anakaa Burumba, kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Nikafika nikiwa bado nawaka.

"Hiyo kompyuta yenu ni takataka!" nikamwambia kabla ya salamu. "Daftari langu la zamani lilikuwa bora."

"Mathe, keti kwanza. Daftari lilikuwa bora aje?"

Nikamweleza. Baba yake alikuwa katekista, ndiye aliyeandika vitabu vya ubatizo. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza: hufuti. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, libaki linasomeka, unaweka sahihi yako. La pili: ukiandika mstari mpya, anza na namba ya mstari wa juu yake. Kila mstari unamtaja mama yake. Mtu akinyofoa mmoja, unaofuata unabaki yatima, na yatima anajulikana hata akinyamaza.

Sharlyne akaacha kunywa chai.

"Rudia hapo kwa yatima."

Nikarudia.

"Mathe, sistimu ya yadi haina hiyo kitu. Mistari inakaa tu. Ukitoa mmoja, mingine inafunga pengo kama maji."

Akanieleza. Kumbe yadi haikujiandikia kila kitu. Kuna kitu wanaita maktaba ya logi, ndiyo inayoandika nani ameingia, amefanya nini, saa ngapi. Imetengenezwa bure na watu wa dunia nzima na iko wazi. Mtu yeyote akiona upungufu anaweza kuandika nyongeza, akawapelekea wenyewe waikague.

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

"Basi waandikie yatima wangu."

Aliandika wiki mbili. Kila mstari ubebe muhuri wa mstari uliotangulia. Na mtu akigusa mstari wa zamani, kule kugusa kwenyewe kuwe mstari mpya: jina lake, saa, na kompyuta aliyotumia. Akifuta huo, unazaliwa mwingine. Ni kama kufagia matope ukiwa na miguu michafu.

Akatuma. Jibu likaja kutoka kwa mwangalizi mmoja wa hiyo maktaba, mtu wa mbali. Sharlyne akanisomea kwa Kiswahili: hatuoni haja, itapunguza kasi, na ni nani atafuta logi zake mwenyewe?

Nani!

"Andika," nikasema.

"Mathe, hapo haturushiani maneno."

"Andika, Sharlyne! Mwambie anayeuliza ni nani, aje Malaba nimwonyeshe doa la oili. Mwambie nimeitwa mwizi kwa sababu ya mstari ambao haupo. Mwambie daftari ambalo mtu anaweza kufuta bila kujulikana si daftari, ni ubao wa shule."

Akaandika vile vile, akapunguza ukali kidogo. Nilimwona.

Siku nne kimya. Siku ya tano yule mtu akajibu: naomba radhi kwa mama yako, ongezeni majaribio. Sharlyne akaongeza majaribio kumi na moja, ya kuthibitisha kwamba mstari ukiguswa inaonekana. Lile la kufuta mstari wa katikati akaliita "yatima", kwa Kiswahili hivyo hivyo, na Wazungu wakaliacha.

Wakakubali. Lakini wakasema nyongeza ikae imezimwa, anayeitaka aiwashe mwenyewe.

"Yaani wametengeneza kufuli, wakaliweka kwa droo?"

"Ndio hivyo, Mathe. Lazima mwenye yadi akubali kuiwasha."

Mwenye yadi ni Mama Brigid, mama mzito wa hapo hapo Burumba, hacheki ovyo. Nilimwendea mchana, nikasimama.

"Mama Sharlyne, umekuja kuniomba kazi?"

"Hapana. Nimekuja kukuomba usifunge jina langu kwa kompyuta."

Akanikazia macho.

"Mtu nimesimamisha, niache jina lake wazi?"

"Wazi kama mlango wa kanisa. Mstari wa geti hufutwa kwa jina la mwandishi wa geti tu. Mimi niko nyumbani. Jina langu likiingia kazini bila miguu yangu, tutajua."

Akainuka, akafunga mlango.

"Unajua hiyo trela si ya kwanza?" akasema polepole. "Ni ya pili. Ya kwanza sikumwambia mtu. Leta huyo msichana wako."

Sharlyne akaenda yadi Jumatatu, eti anatengeneza printa. Akaiwasha nyongeza. Olinga hata alimletea soda.

Siku tisa hakuna kitu. Siku ya kumi Mama Brigid akanipigia simu. "Njoo yadi."

Niliwakuta ofisini: Olinga, Hesbon, Mama Brigid, na Sharlyne kwenye kompyuta. Trela nyingine, ya sabuni, ilikuwa imefutwa, lakini hii ilikamatwa njiani kabla ya kufika mbali. Olinga alikuwa anang'aa kama mtu aliyeota meno mapya.

"Yoga, mama!" akanisalimia Kiteso kwa kejeli. "Mashine ya binti yako imefanya kazi. Mstari umefutwa, na tumeona jina. Unataka nikusomee? A-K-I-T-E-N-G!"

Hesbon akatikisa kichwa. "Shemeji, ungama tu. Tutakuombea."

"Ni saa ngapi?" nikauliza.

"Jana. Saa nane na dakika sita mchana," akasema Sharlyne.

"Jana saa nane nilikuwa Marachi, kwenye misa ya matanga ya mzee Mulama. Nilisoma somo la kwanza. Padre alikuwa mbele yangu."

Olinga akageukia skrini.

"Soma pia ni kompyuta gani iliyotumika," akasema Mama Brigid.

Sharlyne akasoma pole pole. "Ofisi ya mizani."

Hakuna aliyemwangalia Olinga. Wote tukamwangalia karani wa mizani.

"Mtu yeyote angeweza kuketi hapo," Hesbon akaanza. "Na paswadi ya shemeji mimi ningeijulia wapi?"

Sasa nisikilize wewe unayesoma, maana hapa kosa ni langu. Paswadi yangu ilikuwa maneno yaliyo kwenye msalaba wa kaburi la mume wangu. Herufi zile zile, bila nafasi. Nilichagua hayo ili kila asubuhi nikianza kazi nimkumbuke. Nikajiambia, ni nani huenda kusoma kaburi nyuma ya nyumba yangu?

"Hesbon," nikasema, "ule msalaba ni nani alipeleka maneno kwa fundi?"

Akatazama viatu vyake.

"Ni wewe. Mimi nilikuwa nalia, ukasema, shemeji pumzika, nitachagua maneno mazuri."

 Olinga alivua kofia.

Halafu Hesbon akatoa ufunguo wa sakristia mfukoni, akauweka mezani.

"Teresa, sisi ni damu moja. Mkristo husamehe na kufuta yote."

Nikaokota ufunguo wangu.

"Nitakusamehe," nikamwambia. "Nimeomba neema hiyo na nitaipata. Lakini si leo. Leo nimekasirika. Na siku nitakayokusamehe, sitafuta. Kaka yako alinifundisha vizuri. Nitapiga mstari mmoja juu, pabaki panasomeka, niweke sahihi."

Askari wakamchukua saa kumi. Olinga ameniomba radhi mara tatu. Ya kwanza sikuisikia makusudi.

Nimerudi getini. Paswadi mpya sitakwambia, lakini haiko kaburini wala kwenye Biblia. Kile unachokipenda, wapo wengine wanaokijua. Usikigeuze kufuli.

Na ukiona mtu anakuharakisha ufute yaliyopita ili muwe na amani, mwulize kwanza ule mstari ulikuwa unasema nini.